Moyo Usiohesabiwa

Muuguzi Anneth, Mchaga wa Moshi, alinipa daftari na kazi ya kipuuzi. "Babu Lekishon, kila asubuhi kabla ya dawa, shika kifundo cha mkono, tazama saa dakika nzima, hesabu mapigo. Yakiwa chini ya hamsini, usimeze, njoo. Yakipita mia na kumi, njoo haraka."

Moyo wangu una tabia ya ndama mkorofi: wiki mbili umetulia, wiki ya tatu umetimka bila mpango. Dawa ni ya kuupunguza mwendo. Sawa. Lakini kuhesabu? Jamani! Sisi Wamaasai hatuhesabu watoto wala ng'ombe. Ukihesabu, unaita kupungukiwa. Ng'ombe unamjua kwa rangi, basi. Sasa nihesabu moyo, na ninao mmoja tu?

Kumweleza binti wa watu nikaona haya. Nikawa naandika sabini. Kila siku sabini. Mke wangu Namunyak angekuwepo angenicheka mpaka machozi, lakini amelala kaburini kijijini kwetu Arash, mwaka wa nne sasa, watoto wako huko na mifugo, nami nimepanga chumba Karatu niwe karibu na hospitali. Siku nzima hanisemeshi mtu ila redio.

Kliniki iliyofuata Anneth alifurahi. "Sabini mwezi mzima! Hongera, babu." Akanishika mkono ahakikishe. Midomo ikacheza, macho kwenye saa. Tabasamu likaisha. "Mia na arobaini na mbili. Babu, umenidanganya."

Nikamweleza yote. Hakunicheka. Alisema sabini zangu zingemfanya daktari asiongeze dozi, na moyo ukikimbia hivyo muda mrefu unachoka. Daktari akaongeza. "Basi nitakuhesabia mimi," akasema Anneth. "Uje kila asubuhi."

Nilikwenda siku tano. Nawaambia ukweli, si ugonjwa ulionipeleka. Tangu Namunyak afariki, hakuna aliyenishika mkono dakika nzima.

Jumamosi kliniki imefungwa. Niliketi kitandani, kidonge mezani, nikajishika mwenyewe. Niliogopa, sifichi. Halafu nikajiuliza, humu chumbani kuna nini cha kupungua? Nikahesabu. Sitini na nane. Nikaandika, safari hii ya kweli, nikameza dawa.

Kisha nikavirudisha vidole palepale, nikajishika dakika nyingine.