Na Mama Yao, Aliye Jikoni

Umewahi kukaziwa macho na mtu unayempenda, ukajua kabisa kuna kitu anakitaka, ukahangaika nyumba nzima, na bado usikijue? Mimi nimekaa hivyo wiki tisa. Nitakueleza polepole, maana nikienda mbio nitaruka mambo, na mume wangu hakupenda kitu kilichorukwa.

Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Biblia iliyochanika mgongo, kitabu cha nyimbo kilichoachia kurasa, daftari la kanisa lililotafunwa na panya, vyote vililetwa kwake. Duka lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya jikoni kwetu: meza, kopo la gundi, sindano tatu, uzi uliopakwa nta, na mbao mbili zenye skrubu za kubania. Kabla ya kushona alipekua kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa. Ukikosekana mmoja, aliazima kitabu kingine kama kile, akaunakili kwa mkono, herufi ndogondogo, akaushona mahali pake.

Siku ya maziko walisoma wasifu wake, karatasi moja na nusu. Mzee wa kanisa miaka ishirini na minane, mume, baba wa watoto watatu. Hakuna cha uongo kilichosomwa. Ila ukurasa huu haukuwemo, na yeye hayupo tena wa kuunakili. Basi naunakili mimi. Hilo la maziko nimelisema mapema makusudi, usije ukangoja apone.

Watu walimwita Gundi. Jirani yetu mshona viatu alisema si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu habanduki nyumbani.

"Gundi, leo tena huendi popote? Mkeo amekufunga kamba?"

"Kamba ya nini, jirani? Mimi nimeshakaukia hapahapa."

Na kweli alikaukia. Sikumsikia hata siku moja akimhubiria mtu barabarani. Dini yake ilikuwa hivi: Jumamosi jioni anasafisha viatu vya watoto na kuvipanga mlangoni jozi kwa jozi. Akikukosea, anakuomba radhi kabla chai yako haijapoa. Na kila jioni baada ya kula, tunasali palepale mezani.

Alisali akitutaja mmojammoja, kuanzia mdogo. Majina ya ubatizo hakuyatumia. Alisema Mungu haombi cheti. "Mwangalie Kijiko." Huyo ni kitinda mimba wetu, ambaye utotoni hakulala bila kijiko mkononi. "Mwangalie Mbio." Wa kati, ambaye sasa ni dereva wa lori. "Mwangalie Mwalimu." Kifungua mimba, aliyekuwa akiwafundisha hata kuku kuhesabu, na kweli akaja kuwa mwalimu.

Mwisho nilikuwa mimi. Na mimi saa hiyo niko wapi? Nimeshainuka. Maji ya vyombo yanachemka, sufuria imegandia, sare za shule hazijakauka. Basi anamalizia: "Na mama yao, aliye jikoni, umwone hukohuko. Amina." Watoto wanaangua kicheko, na mimi nacheka huko nilipo na beseni langu. Miaka arobaini na sita, sala ileile, kicheko kilekile. Yeye mwenyewe hakujitaja hata mara moja.

Kiharusi kilimkuta dukani asubuhi, sindano mkononi. Nilimkuta kwenye kiti chake, mdomo umekwenda upande, anautazama mkono wake wa kulia kama kitu kilichosahauliwa na mteja. Hospitalini alilazwa siku kumi na mbili. Daktari alikuwa mpole.

"Anaelewa kila kitu, mama. Ila maneno hayapati pa kutokea."

"Yatapata lini?"

Akafungua faili, akapekua karatasi mojamoja mpaka ya mwisho, akalifunga.

Tulimtandikia kitanda sebuleni. Jioni ya kwanza, nilipomaliza kumlisha supu nikamfuta kidevu, aliinua mkono wa kushoto akaonyesha mlango wa jikoni. "Aaa," akasema. "Aaa." Macho amenikazia mimi.

Maji? Akatikisa kichwa. Chai? Moshi unakuumiza? Niufunge mlango? Nikaufunga, naye akapiga godoro kwa ngumi. Nikaufungua, nikaona machozi yanamtoka. Kesho yake jioni ikawa vilevile. Na keshokutwa.

Mbio alipokuja alisema, "Mama, ni hizi bawaba. Zinalia, na Baba hapendi kitu kinacholia." Akazitia mafuta. Jioni mkono ukainuka. Akaung'oa mlango mzima, akauegemeza uani, tukakaa siku tatu na nzi wote wa mtaa. Jioni ya tatu mkono ukaonyesha tundu lilelile.

"Baba, umenishinda," akasema, akaurudisha mlango bila kututazama.

Mwalimu akaleta ubao mdogo na chaki. Mkono wa kushoto ukachora mistari kama njia za mchwa. "Jaribu tena, vizuri, usiharakishe," akamwambia, kwa sauti ya darasa la kwanza. Alipojisikia alivyosema, akaiweka chaki chini, akatoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, kanga mdomoni.

Kijiko ndiye aliyesema, "Jamani, nyuma ya jikoni kuna nini? Si duka? Baba anawaza vitabu vya watu."

Tuliona kama taa imewashwa. Tukavibeba vyote, thelathini na kimoja, tukamwonyesha kimoja baada ya kingine. Anatikisa kichwa. Kimoja alikipapasa mgongo, nikasema hiki hapa. Akakiachia. Kilipokwisha cha mwisho alituangalia sote kwa zamu, bila hasira, kisha akageukia ukutani.

Siku hiyo niliishiwa. Nilikuwa najua ni upande gani wa mkate anaupenda, ni goti lipi linamuuma mvua ikikaribia, na kitu kimoja tu anachokiomba sikijui. Niliomba, "Bwana, kama humponyi, basi niambie mimi."

Jumapili moja kwaya ilikuja kumwimbia. Walipofika ubeti wa pili nikasikia besi ninayoijua. Ni yeye! Maneno yote, safi, hayana kigugumizi. Kiongozi wa kwaya akasahau kuongoza kwa mkono. Mama mchungaji akapiga magoti: "Muujiza!" Wimbo ulipokwisha nikamshika mashavu.

"Haya, mume wangu, niambie. Unataka nini?"

"Aaa." Mkono. Mlango.

Daktari alitueleza baadaye kwamba mambo ambayo mtu ameyarudiarudia miaka mingi yana njia yake kichwani, tofauti na ya mazungumzo. Kwa hiyo mume wangu aliweza kutupa maneno ya wengine, ila yake hapana. Nilisikia vibaya kuliko mwanzo.

Wala hakuna aliyefikiria ile sala ya mezani. Mchungaji alikuja akasali kitandani kwa maneno yake, tukaitikia amina. Kuisali ya Baba, na Baba yu hai, kila mmoja aliona kama kukalia kiti chake.

Wiki ya tisa daktari alisema moyo umechoka, tuite watoto. Walikuja wote. Tulisogeza kitanda mpaka kikagusa meza, tukala, na baada ya kula Mwalimu akasema, "Wadogo zangu, leo tusali kama zamani." Mimi nilikuwa nimeshakusanya sahani kwenye beseni la maji.

Nikasikia mgongoni: "Mwangalie Kijiko." Na chini ya sauti ya Mwalimu, sauti nyingine, nzito. "Mwangalie Mbio." Sauti ya Mwalimu ikakatika. Ile nyingine ikaendelea peke yake.

"Mwangalie Mwalimu."

Niligeuka. Nilikuwa mlangoni pa jikoni, beseni kifuani, maji yananimwagikia miguuni nisijali. Mbio ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Na mama yao, aliye jikoni..."

Sote tulingoja "umwone hukohuko." Midomo ya Kijiko ilikuwa imeshaanza kuyatamka. Lakini mume wangu aliishia hapo. Niliona anavyohangaika, jasho limemtoka, kama mtu anayeusukuma mlango kwa bega. Mkono wa kushoto ukainuka, taratibu, ukaonyesha pale ulipoonyesha jioni zote zile, na pale palikuwa na mimi.

"Aje," akasema. "Aje akae."