Neno Lisilosemwa Humu Ndani

...na huyu naye kanishika dole gumba utadhani kashika saa ya waziri, kavaa na kile kioo chake cha jichoni, jicho moja kalifinya, jingine limejificha nyuma ya kioo, yote hayo kwa ajili ya ukucha, jamani, ukucha wa mguuni, na mimi hapa kwenye kochi, mto mgongoni, tumbo mbele kama mzigo nilioachiwa na mtu aliyesema narudi sasa hivi, miguu yangu juu ya mapaja yake, yeye kakaa sakafuni, chini ya kisigino changu katandika kitambaa cheupe, kile kile cha kazini anachopangia vidude vya saa, kimoja kimoja, kwa mpango vilivyotoka, ili virudi kwa mpango ule ule, na vipande vya kucha zangu navyo anavipanga, mstari mnyoofu, siku nyingine ningemwambia Fundi, wewe una wazimu, hivyo navyo utavirudisha? na angecheka kile kicheko chake cha puani, lakini leo nikicheka tumbo litatikisika, na likitikisika sitajua aliyetikisika ni huyu wa ndani au ni mimi, kwa hiyo nimetulia tuli nasikiliza, si kwa masikio, nasikiliza kwa ndani, hapa chini ya mbavu za kulia anapopenda kunichimba kwa kisigino... cheza basi, mwanangu, mara moja tu, hata kidogo, hata kwa hasira.

“Leo nimeangusha skrubu mbili,” anasema Fundi. “Mbili. Moja sijaiona mpaka sasa.” Mm, namwambia, pole, na sijui hata nimeitikia nini, maana nahesabu, nesi alisema kuanzia sasa uhesabu, mama kijacho, mwezi wa nane unaisha, akicheza mara kumi kwa siku usiwe na wasiwasi, na tangu alfajiri mimi nimehesabu sifuri, sifuri na tumbo kukaza mara mbili, na tumbo kukaza si kucheza, nalijua hilo, mimi si mgeni wa mambo haya. Alfajiri alikuwepo, alikuwa na kwikwi, tumbo likiruka-ruka kidogo kidogo, nikasema huyu anakunywa nini huko, halafu kimya. Nimekunywa maji baridi, gilasi mbili, nimekoroga sukari nikanywa, nimejilaza ubavu wa kushoto kama alivyoniambia nesi... ona, nimejilaza, neno lenyewe linaingia kwa mlango wa nyuma, humu ndani hatulisemi, mwaka wa tatu huu, hatujawahi kukaa kitako tukakubaliana kwamba neno hili tusiliseme, liliondoka tu lenyewe kama paka anayehama nyumba. Tunasema nakwenda kujinyoosha. Tunasema kitanda kinaniita. Wifi yangu akija na watoto wake anauliza hawa watalalia wapi, sote wawili tunatazama pembeni, anadhani tunamnyima nafasi, masikini, kanuna miezi miwili kwa sababu hiyo. Na kule kibandani kwake, zamani, saa iliyosimama Fundi hakusema imekufa, alikuwa anamkanya mteja kabisa, hapana, mama, haijafa, imelala tu, niachie mpaka jioni, na jioni kweli mtu anakuta saa yake inakwenda, watu wakawa wanaleta saa kwake kwa ajili ya neno hilo tu, nadhani, nani hapendi kuambiwa imelala. Siku hizi anasema imesimama. Kavu. Imesimama.

“Yule mama wa saa ya dhahabu kaja tena,” anasema, kahamia kidole cha pili, “nikamwambia, mama, hii ni betri tu, haina ugonjwa,” na sauti yake inakwenda inarudi, ananihadithia huyo mama kila wiki, mama mwenyewe anakuja kwa upweke si kwa saa, na kwa nini amerudi nyumbani saa saba mchana, mtu ambaye chakula huwa nampelekea, na suruali ile aliyovaa si ya kazini ile, ni ya kutokea, nimeiona toka alipoingia nikaiacha ipite, nina yangu mimi. Ni miaka mingapi nimekaa na vichwa vya watu katikati ya magoti yangu, nasuka, nasikia habari zao zote, nani kaachika, nani kapata, na wao wakiwa wameniinamia hawanioni uso, leo kumbe ndivyo ilivyo ukiwa wewe ndiye umekaa juu, unaona utosi wa mtu tu, unaona mvi tatu ambazo mwaka jana hazikuwepo, na hujui anafikiri nini.

Kidole cha tatu. Kimkasi kinalia kachu. Nakumbuka kucha zangu za siku ile, ndiyo maana, ndefu, zina rangi nyekundu iliyobanduka-banduka, shuka la hospitali fupi, ukivuta kifuani miguu inabaki nje, nimelala pale... nimelala, haya, nimesema, nimelala pale siku ya pili baada ya kujifungua, mtoto kachukuliwa kule kwenye chumba chao cha joto kwa sababu alikuwa mdogo, jina alikuwa nalo, silitaji, ni letu sisi wawili, na asubuhi Fundi akatokea mlangoni, akaja akasimama miguuni pangu, hakuja kichwani, akanishika vidole vya miguu, hivi hivi alivyonishika sasa, akasema, “Amelala.” Nami nikasema, Mungu wangu, nikasema muache alale, usimwamshe, maziwa yapo, akiamka wataniita. Nikamgeukia dada wa kitanda cha pili nikamwambia wangu kalala, tangu jana analia tu, kumbe na yeye anajua kulala! Dada akacheka. Nikaomba kitana nikachana nywele, nikapaka mafuta uso, nikasema akiamka asimkute mama yake kama jini, na Fundi kasimama pale kashika kidole changu, mdomo wazi, neno la pili haliji, alikuwa amesema neno lake la kazini, neno la kupooza wateja, likamtoka, halafu hakujua alirudishe vipi, na mimi sikumsaidia, nilikuwa nachana nywele. Saa nzima. Mpaka nesi alipokuja akasema kwa neno lile lililo wazi, akaniwekea mkono begani. Hasira zangu zote, mwaka mzima ule, za kumrushia Fundi sahani, za kumwambia we si mwanamume, zilikuwa za saa ile moja, umeniacha nichane nywele, umeniacha nicheke na watu. Lakini liko jambo sijamwambia mtu, wala mama yangu mzazi, wala kwenye sala, kwamba saa ile ndiyo ilikuwa tamu kuliko zote, siku mbili zote mimi nilikuwa na hofu, saa ile peke yake sikuwa na hofu, nilikuwa mama wa mtoto aliyelala, nimeshiba, nimechana nywele, na wakinirudishia saa moja maishani nitachagua ile. Ni aibu hiyo. Ndivyo ilivyo.

“Lete na wa kushoto,” anasema. Naubadilisha mguu, mzito, umevimba, kidole kimekuwa kama kiazi, naona viatu vyangu vya chini vimekaa pale mlangoni, vimefutwa vumbi, na begi lake la vifaa vya kazi, la nini tena kulileta nyumbani... cheza, mwanangu. Nimekubembeleza tangu asubuhi bila sauti, nimekugonga kwa kidole, hodi, hodi, nimekuimbia moyoni. Labda amechoka. Labda nafasi imebana, amekua, hana pa kujigeuzia, nesi si alisema wakikaribia kuja wanatulia, alisema? au alisema wasitulie? au nimeyatunga mimi. Labda ame... Ndiyo. Hilo hilo ninalitaka. Tangu alfajiri nakaa na hilo, sikulitamka lakini ndilo ninalolikalia kama kuku, amelala, amelala tu, muache, akiamka nitajua, na nimejifanyia chai, nimekunja nguo, nimefagia hata chini ya kochi na tumbo hili, sikumwambia mtu, simu ipo mezani imejaa chaji, sikumpigia Fundi, sikumpigia nesi, maana nikisema tu inaanza, wakati sijasema mimi ni mama wa mtoto aliyelala... e bwana wee. E bwana wee. Ni mimi leo. Leo ni mimi ninayefanya vile. Mwaka mzima nilimwambia uliwezaje kusimama unanitazama, na mimi tangu alfajiri nimeficha, na sasa nimekaa namtazama utosi, namsikiliza skrubu zake, namuacha achane nywele zake.

Kachu. Kidole cha pili cha kushoto. Halafu ile ya asubuhi inanijia, kwa nini sikuiona, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Fundi hulaza sikio hapa tumboni, kama anavyosikiliza saa za watu, anafumba macho, na huyu mshenzi mdogo ndani humpiga teke la sikio, kila siku, sijui anamjuaje, na Fundi anaruka anasema aa, inakwenda, inakwenda vizuri, neno lingine la kibandani, ndipo anachukua koti. Leo aliweka sikio. Nilikuwa nusu macho, niliona. Alikaa, alikaa sana, goti likamlia alipoinuka, akasema, “Chai imechemka.” Akaenda. Hakupigwa teke. Alikwenda kazini bila teke lake, akaangusha skrubu mbili, mtu ambaye miaka kumi na minne hajaangusha hata moja, akafunga kibanda mchana, akavaa suruali ya kutokea... na begi lile si la vifaa, kwenye zipu pamechomoza pindo la kitambaa cha njano, kile kishuka cha njano tulichomnunulia yule wa kwanza, nilidhani alikitupa, nilimwambia kitupe, kumbe alikificha wapi miaka yote hii, begi la hospitali nililokataa kulipanga kalipanga mwenyewe, sijui lini. Na kucha hizi. Niliyasema mimi mwenyewe, mwezi wa tano ule, kwa mzaha, mzaha wa machozi, nilimwambia Fundi, safari hii siendi kule na kucha zile, siku ya kwenda utanikata kwanza. Akaitika ndiyo. Nikasahau. Yeye hasahau, hupanga kila kitu kwenye kitambaa.

Kwa hiyo anajua. Kakaa hapo chini, anajua, ananihadithia mama wa saa ya dhahabu. Na mimi nimekaa hapa juu, najua, namwitikia mm. Watu wazima wawili, tunachungana, kila mmoja kambebea mwenzake saa ile tamu kwa mikono miwili isimwagike, na mtoto kule ndani peke yake, hana mtu wa kumsemea.

“Fundi.”

“Naam. Usitikise mguu.”

“Hajacheza tangu alfajiri.”

Kimkasi kimesimama. Hajainua kichwa. Nauona utosi, mvi tatu, mkono wake umenishika kidole, hauondoki.

“Najua,” anasema. “Jirani kaenda kujaza mafuta, anakuja na gari. Nesi nimempigia, anatusubiri. Nilikuwa... nilisema nisikae bure.” Anakipanga kipande cha ukucha kwenye mstari. “Nilisema nikukate hizi, ulitaka.”

Ni kweli nilitaka. Nataka kumwambia asante, nataka kumpiga, badala yake linanitoka lile, sikulipanga, miaka mitatu halijapita kwenye meno yangu mbele yake na sasa linatoka dogo, la kitoto, kama nauliza njia:

“Amelala?”

Ndipo anapovua kioo, na jicho la nyuma ya kioo limelowa, kioo chenyewe kimejaa ukungu, sijui amekataje kucha hizi na ukungu ule, alikuwa haoni kitu, alikuwa anapapasa. Ananitazama. Namwona neno limemjia, lile, laini, liko tayari mdomoni, namwona analimeza. Nimeolewa na mtu huyu mara ya pili sasa hivi, yeye hajui.

“Sijui,” anasema. “Sijui, mke wangu. Ndiyo maana tunakwenda.”

Sijui. Hakuna mtu humu ndani aliyewahi kunipa neno gumu hivi, na nalishika, linashikika, halitelezi, wote wawili hatujui, mtoto hachezi na hatujui, hivyo ndivyo ilivyo saa nane hii ya mchana, na machozi yananitoka bila kwikwi, nayaacha, nje huko gari linapiga honi, fupi, ya adabu, Fundi anatazama mlangoni, anatazama mguu wangu, “Kimebaki kimoja tu,” anasema, na anashika kile kidole kidogo cha mwisho, bila kioo safari hii, na mimi namwachia mguu, nimeweka viganja viwili tumboni, nasema kwa sauti, mara ya kwanza leo kwa sauti, “Mwanangu, tunakuja.”