Pipa Lililowanywesha Wazee

Mume wangu Elvis hupika bia kwa sufuria yetu ya githeri. Siku ya mahari alimpelekea baba yangu, Mzee Andati wa Iguhu, chupa moja ya bia hiyo. Baba aliikumbatia, nayo ikampasukia kwapani. Tangu hapo hajawahi kumwita Elvis mkwe. Humwita "yule wa chupa", hata kanisani, nami huumia sana.

Elvis akaapa kuachana na chupa. Alinunua pipa la chuma lenye mfuniko na bomba, pamoja na mtungi wa gesi ya kuisukuma bia na kuipa povu. Kisha akawaalika baba na ndugu zake wawili kwetu Amalemba, wapatane.

Walikuja na mirija yao mirefu, kila mmoja na wake, kama waendavyo kwenye chungu cha pombe ya busaa. Elvis akamjazia baba glasi. Baba aliitazama kama mkojo wa kupeleka maabara.

"Sisi hatunywangi pombe kwa zamu," alisema. "Hiyo ni dawa ya hospitali. Fungua chungu."

Nilimkonyeza Elvis akatae, lakini mtu anayetaka kupendwa hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Aliifunga gesi, akafungua pipa. Wazee wakatumbukiza mirija, wakasogeza viti hadi vipaji vya uso vikagusana. Baba mdogo Were, ambaye huchukia nzi, akaziba mdomo wa pipa kuizunguka mirija kwa obusuma, ugali wetu, uliobaki mezani, akaushindilia kwa kidole gumba.

Walivuta kwa raha zao. Elvis ndiye hakutulia: aliona bia itakosa povu mbele ya wakwe. Akafungulia gesi, kidogo tu.

Bia ikapanda yenyewe. Wazee walimeza macho yamewatoka, na hakuna aliyetoa mrija, maana kwetu kuutoa kabla ya mwenzako ni aibu. Mwishowe obusuma ukafyatuka, ukamgonga baba kwenye kipaji, ukanata hapo.

Nilijua ndoa yangu imekwisha.

Baba aliubandua, akaukagua, akamega tonge, akatafuna polepole.

"Nanjala," aliniita, "mwambie mkwe wangu alete mboga."

Elvis alikuwa amejificha nyuma ya mlango wa jikoni. Nilimkuta ameikumbatia sufuria, analia, na mboga zilikuwa bado hazijachumwa.