Wazee Arobaini na Watatu wa Njia ya Shule

Siku habari ya mipaka ya shule ilipofika kitongoji cha Kwa Parit, ng'ombe waliacha kucheua wakatega masikio. Usibishe. Katika kitongoji kizima hakuna aliyehusika na jambo lile kama wao.

Watu wa elimu walikuwa wamepanga sekondari mbili za amali, kila moja na fani yake. Ya kwanza ilijengwa Kwambwiga, nyuma ya mashamba ya mkonge, ifundishe ufugaji na tiba ya mifugo. Ya pili ilikuwa upande wa Mikumi, karibu na mahoteli ya watalii, ifundishe upishi, ushonaji na kupamba kumbi. Mtoto hachagui, mpaka ndio unaochagua. Na mpaka ulikuwa na kanuni moja tu: kitongoji ambacho mtoto wake anafika Kwambwiga kwa miguu ndani ya saa moja ni cha Kwambwiga. Kikizidisha hata dakika, watoto wake wote Mikumi, bwenini.

Bibi Rutha, ambaye watu wazima humwita Mama Lenku, aliisikia kanuni ile akapiga kigelegele kilichowaamsha popo mchana. Mjukuu wake Nalepo alikuwa amemaliza darasa la saba. Mtoto huyo alimzalisha ng'ombe akiwa na miaka minane, mkono hadi begani, huku baba yake Lenku akiwa amezimia pembeni. Kushona, ndiyo, alijua: aliwahi kumshonea baba yake lubega iliyochanika, akaishona kwa mshono wa kufungia kidonda cha mbuzi. Lubega ile haijachanika tena, ila Lenku anasema kila akiivaa anasikia hamu ya majani.

"Saa moja?" alisema Bibi Rutha. "Nalepo anakwenda Kwambwiga kwa dakika hamsini, tena akiwa na ndoo kichwani!"

Na ilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba Bibi Rutha hakuweza kuiacha kweli ikae peke yake. Siku tatu nzima alizunguka njia yote, boma kwa boma na nyumba kwa nyumba, kwa wafugaji na kwa wakulima.

"Jumatano mtoto wetu anapimwa! Tokeni wote mumtie moyo! Asibaki mtu ndani!"

Jumatano afisa alifika. Aliitwa Onesphory, kijana wa Kilosa mjini, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inaweza kukata kitunguu. Aliwaonyesha simu yake.

"Saa ninayo mimi. Natembea na mtoto bega kwa bega, hatukimbii wala hatuzubai. Mtoto na saa vikiingia getini pamoja, nasimamisha. Tumeelewana, bibi?"

"Tumeelewana, mwanangu. Andaa kalamu tu."

Saa mbili kamili asubuhi wakaondoka, Bibi Rutha akifuata nyuma. Nalepo alitembea kama maji yanayoteremka milima ya Vidunda. Dakika kumi za kwanza, Onesphory alikuwa akihema kwa mdomo. Kisha wakakata kona ya kwanza, na pale, pembeni ya njia, walikuwa wamesimama wazee wanne, wamevaa nguo za sikukuu.

Nalepo alisimama, akainamisha kichwa. Mzee wa kwanza akamwekea kiganja utosini, akambariki, akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za ndama, za yule mbuzi mwenye jicho moja. Wa pili hivyohivyo. Onesphory naye akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mama hajambo? Umetoka Kilosa? Kilosa ya wapi?"

Kona ya pili walikuwa saba. Kwenye mkonge, kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa amekuja na kiti chake. Mtoto wa Kimaasai hawezi kumpita mkubwa bila kumpa kichwa, na mtoto wa Kilosa hawezi kumpita bila shikamoo, basi wale wawili wakawa wanakwenda kama jembe kwenye udongo wa mfinyanzi. Bibi Rutha alijaribu kuwapungia wazee mkono waondoke. Wazee wakampungia pia, wakifurahi.

Lakini kiboko yao alikuwa Mzee Nikolaus, mkulima wa mpunga, aliyeshika mkono wa Onesphory akasikia jina la ukoo.

"Ati nani? Wewe ni mjukuu wa Kamtande? Kamtande wa stesheni? Babu yako alikuwa na mbuzi ishirini na sita! Wale mbuzi wako wapi?"

"Walikufa zamani, mzee."

"Wote? Mmoja mmoja au kwa pamoja?"

Na hauachii mkono. Mzee Nikolaus akikusalimia, vidole vyako anavirudisha vimeshaiva.

Walifika getini kwa saa moja na dakika hamsini na mbili. Bibi Rutha aliwahesabu wazee wa njia ile kwa vidole vya mikono na miguu, akarudia tena: arobaini na watatu. Yeye ndiye aliyewaita, kila mmoja, kwa mdomo wake.

"Si ungewapita wewe!" alimfokea Onesphory.

"Bibi, nimpite mzee? Mama yangu yuko Kilosa. Habari zingefika kabla sijapanda basi."

Bibi Rutha akavihesabu tena vidole vya miguu.

"Kanuni inaruhusu kurudia mara moja," Onesphory alisema kwa upole. "Ijumaa. Jumatatu ramani inasainiwa. Ikishasainiwa, mimi tena sina neno."

Njiani kurudi, Nalepo hakulia. Alitembea akiangalia kwato za ng'ombe waliotangulia, na hilo lilimuuma Bibi Rutha kuliko kilio.

Alhamisi akaanza kuzunguka tena, sasa akisema kinyume.

"Kesho msitoke! Jifungieni ndani!"

"Tujifiche mtoto wetu akipita?" alisema mzee mmoja. "Tumeiba nini?"

"Nami nikijifungia," alisema mwingine, "ataona moshi wangu. Atajua nipo. Atapiga hodi, nami nitamkaribisha chai. Nina adabu mimi."

Nalepo mwenyewe aliwaunga mkono wazee. "Koko," alimwambia bibi yake, "mtu yupo ndani nami najua yupo, nampitaje?"

Bibi Rutha akaenda kwa rafiki yake Mwamvua, mjane anayebeba nyanya kwa toyo, pikipiki ile ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo nyuma. Akamwaga habari yote, akamaliza na vikombe viwili vya maji ya kunywa.

Mwamvua alicheka hadi akakaa chini. "Mama Lenku, uliwatawanya wewe. Sasa wakusanye. Wazee arobaini na watatu mahali arobaini na tatu ni salamu arobaini na tatu. Wakiwa mahali pamoja?"

"Shikamooni," alisema Bibi Rutha polepole.

"Moja tu! Wanaitika wote, mtoto anaingia darasani."

Ijumaa toyo iliamka kabla ya jogoo. Mwamvua alipakia wazee sita sita, safari ya kwanza saba, wengine wakikalia magunia, wengine wakilalamika kwamba nyanya huwa zinaendeshwa taratibu zaidi. Aliwapeleka hadi getini Kwambwiga, akarudi, akapakia, akarudi. Mvuto wa toyo ile siku hiyo ulikuwa mkubwa hata kuku wawili walipanda bila kuitwa.

Saa mbili kamili, Onesphory na Nalepo wakaondoka. Kona ya kwanza, hakuna mtu. Kona ya pili, mbwa tu, na mbwa hasalimiwi. Mkonge ulikuwa kimya.

"Bibi, watu wameenda wapi? Pana msiba?"

"Tembea, mwanangu!"

Dakika ya arobaini na tatu walikuwa wameshamaliza mkonge, na Bibi Rutha alishaanza kutunga kigelegele. Kisha njia ikanyooka, akaona jambo. Toyo ilikuwa imesimama hatua mia mbili kabla ya geti. Mafuta yalikuwa yameisha kwenye safari ya mwisho. Wazee sita wa mwisho walikuwa wameshuka barabarani, na wale thelathini na saba waliokuwa wameshafika getini, kwa kuwaona wenzao wamekwama, walikuwa wamerudi wote kuwapa pole. Sasa walikuwa wanasalimiana wao kwa wao.

"Safu mbili!" Bibi Rutha alipaza sauti akikimbia mbele, kanga mkononi. "Huku na huku! Nyoosheni mikono! Mzee, wewe mkono, si fimbo!"

"Shikamooni wazee wangu!" Onesphory alisema kwa nguvu.

"MARAHABA!"

Marahaba ile ilirusha kanga wa porini hadi Masanze, na wanasema kule mbugani Mikumi tembo dume aligeuka akaitikia, akidhani ni mkubwa wake. Nalepo akainamisha kichwa akaingia katikati ya safu. Alipita upesi chini ya viganja vile, kimoja baada ya kingine, tap tap tap, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Baraka arobaini na mbili kwa nusu dakika, akatokea upande wa pili, akaenda moja kwa moja getini.

Arobaini na mbili. Wa arobaini na tatu alikuwa ameshika mkono wa Onesphory.

"Nimekumbuka," alisema Mzee Nikolaus. "Mmoja alikuwa beberu mweusi. Huyo naye alikufa?"

"Mzee, naomba, saa—"

"Beberu yule alikuwa anapanda treni peke yake!"

Nalepo yuko getini, saa iko mkononi mwa afisa, na mkono wa afisa uko ndani ya mkono wa Mzee Nikolaus. Dakika hamsini na tano. Mwamvua alimvuta mzee begani, ikawa kama kuvuta kisiki. Hamsini na sita. Kumkatiza mzee katikati ya salamu haiwezekani, na kumnyang'anya mkono ndiyo kabisa. Bibi Rutha alimwangalia mjukuu wake amesimama kule getini, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, akaona hakuna wa kumlaumu isipokuwa mdomo wake mwenyewe. Basi akautumia huohuo.

"Wazee! Nani kasema salamu lazima isimame? Mzee Nikolaus ana maswali, mwacheni aulize. Lakini ayaulizie getini! Sukumeni!"

Wakasukuma. Wazee arobaini na wawili, wengine kwa viganja, wengine kwa mabega, mmoja kwa kiti, waliwabeba wale wawili njia nzima kama siafu na mkia wa mjusi. Vumbi lilipanda. Miguu ya Onesphory iligusa ardhi mara nne tu, yeye mwenyewe alihesabu.

"Na majike?" aliuliza Mzee Nikolaus, akielea.

"Kumi na saba, mzee!"

"Na stesheni, paa lilitengenezwa?"

"Lilitengenezwa, mzee!"

"Na mama hajambo?"

"Hajambo kabisa, mzee!"

Wakaingia getini kwa kishindo, Onesphory akabonyeza simu kwa kidole gumba, maana vingine vilikuwa bado vimeshikwa. Dakika hamsini na tisa, sekunde arobaini. Aliisoma mara mbili. Kisha, mkono mmoja ukiwa bado kwa Mzee Nikolaus, akaandika kwa mwingine juu ya mgongo wa Mwamvua: Kitongoji cha Kwa Parit, Kwambwiga.

Bibi Rutha akapiga kile kigelegele. Wazee wakaruka, kila mmoja kwa urefu aliojaliwa na magoti yake. Mwalimu mkuu alitoka ofisini akaona uwanja umejaa wazee wanaoruka, akadhani wote wamekuja kuandikishwa.

Ni Mwamvua aliyeuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Walimtafuta darasani, hayupo. Walimtafuta bombani, hayupo. Bibi Rutha alimkuta nyuma ya jengo, kwenye zizi la shule, lililokuwa na ng'ombe mmoja tu, tena anayechechemea. Nalepo alikuwa amepiga magoti kwenye matope na nguo yake safi, ukwato ameulaza mapajani, akikwangua uchafu kwa kijiti.

"Kuna mwiba humu, koko. Umekaa siku nyingi. Niombee maji ya moto na chumvi kwa mwalimu."

"Twende nyumbani kwanza, baba yako asikie!"

"Tangulia wewe," alisema Nalepo bila kuinua kichwa. "Mimi nitakuja. Si mbali."