Jiko la Mtu Mmoja

Nimepikia shule yetu githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, miaka kumi na minne, hapa nje kidogo ya Kiritiri, na miaka kumi na mitatu kati ya hiyo nilikuwa nikilia. Usinionee huruma, ulikuwa moshi tu. Mimi na Lydiah tulikuwa na mafiga, sufuria mbili ambazo ungeweza kumwogeshea ndama, na kuni ndefu alizotuletea Ireri kwa mkokoteni wake wa punda. Mmoja akisukuma kuni, mwingine anakoroga. Mmoja akitoka nje kupumua, mwingine anabaki akikohoa kwa niaba ya wote wawili.

Lydiah ndiye aliyeniingiza kazini. Mume wangu alipofariki, alikwenda kwa mwalimu mkuu akasema mgongo unamsumbua, lazima apate msaidizi, na msaidizi mwenyewe yuko, anaitwa Celina, mama yake Gacheri. Mgongo wake haukuwa na neno lolote.

Kuni zikaanza kutoka mbali. Zamani Ireri alikuwa anarudi kabla ya uji wa saa nne. Mwishowe akawa anakwenda hadi nyuma ya vilima, analala huko, anarudi kesho yake na nusu mzigo. Hapo ndipo Mwalimu Muriithi wa klabu ya mazingira alipoleta watu wa mradi wakatujengea jiko la matofali, lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa. Nililicheka. Mdomo wake ulikuwa mdogo kama wa bibi harusi anayelishwa keki mbele ya wakwe. Nikamuuliza mwalimu kama sasa tutapikia watoto mia nne kwa vijiti vya kuchokolea meno.

Basi nilikuwa mjinga. Ukipasua kuni fupi, ukazianika zikakauka, vipande vichache vinaivisha mahindi na maharagwe kabla ya saa sita. Baada ya wiki mbili macho yaliacha kuwasha, na kanisani nikaanza kujisomea mistari bila kuazima miwani ya mtu. Nililipenda lile jiko, sitaficha. Lydiah pia alilisifu, ila nilimwona akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, kisha akaisugua tena. Ningeelewa hapo. Sikuelewa.

Siku ya kuonyesha jiko ilipokaribia, Mwalimu Muriithi alinifanyisha mazoezi wiki nzima, kama mtoto wa darasa la nane. Ananiuliza, najibu, haraka na kwa sauti. Kuni zimepungua kiasi gani? Zaidi ya nusu. Moshi? Hakuna. Mpishi anaungua? Haungui. Wageni walipofika, wazazi wakaketi uwanjani, na mimi nikasimama mbele ya jiko na leso mpya kichwani. Nilijibu yote. Kila jibu, watu wanapiga makofi. Nilikuwa sijawahi kupigiwa makofi maishani, hata siku ya harusi yangu mvua ilinyesha.

Ndipo Mzee Muturi, mwenyekiti wa bodi, akauliza swali ambalo hatukulifanyia mazoezi.

"Na jiko hili linahitaji wapishi wangapi?"

"Mmoja," nikasema, kwa sauti ileile. "Na anapata hata nafasi ya kukaa."

Makofi yakawa mengi kuliko yote. Lydiah alikuwa kando yangu na rundo la sahani. Alizishika vilevile mpaka makofi yakaisha.

Barua yake ya kuachishwa kazi ilitoka mwisho wa muhula. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba atugawie siku, Lydiah mbili mimi tatu, au kinyume. Aliniambia kwa upole kwamba bodi ilishapitisha, na kwamba ushahidi niliutoa mimi mwenyewe mbele ya watu. Nikaenda nyumbani kwa Lydiah. Aliniwekea kiti, akanipa chai, na tulikuwa karibu kumaliza ndipo aliposema.

"Ungesema wawili, Mama Gacheri. Nani angekupinga?"

"Sikufikiria."

"Najua hukufikiria. Ndiyo inaniuma."

Mvua za mwaka ule zilikuwa za kudanganya. Kunde za Lydiah zilikauka zikiwa na maua. Miezi ikapita, na nikaanza kuona moshi mwembamba ng'ambo ya bonde, upande wa kwao, karibu na ile migunga iliyobaki. Sikuhitaji kuambiwa, lakini Ireri aliniambia. Shule haikuhitaji tena mkokoteni wake kama zamani, kwa hiyo sasa alikuwa akimbebea Lydiah makaa hadi barabarani.

Mwalimu Muriithi naye aliuona ule moshi. Alikuja jikoni na daftari, uso umemkunjamana, maana watoto wa klabu walikuwa wamepanda miche huko kwa mikono yao. Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa na haki, na Lydiah alikuwa na njaa, nami nilikuwa na mwiko. Akaniuliza kama nawajua wanaochoma. Nikasema sijui. Mara hii nilifikiria kwanza, na bado haikusaidia kitu. Klabu iliandika barua bila jina la mtu, chifu akaenda na askari, wakafuata tu alama za punda mpaka kwenye tanuri.

Lydiah hakufungwa. Walimwonya, wakachukua makaa yote, magunia tisa. Ofisi ya chifu haina stoo, na ikaonekana si vizuri mali ipotee bure wakati kuna watoto wa kulishwa. Mkokoteni wa Ireri ndio ulioyaleta, akayashusha mlangoni kwangu bila kuniangalia. Mwalimu mkuu alisema nianze na hayo, kuni zikae.

Hii ni wiki ya pili ninayatumia. Hayatoi moshi, na yanashika moto mpaka mchana. Lydiah hajawahi kufanya kazi ovyo.