Bodi Kichwani

Sisi mafundi wa dari tunatumia kichwa kuliko mtu yeyote Dar es Salaam, na sizungumzii kufikiri. Unapanda jukwaani, unajitwika bodi ya jipsamu, unaibana juu kwa utosi, mikono inabaki huru kupiga skrubu. Wengi hubana wawili wawili. Mimi Herieth, mwanamke pekee kwenye saiti yetu ya Mbweni, nilikuwa nabana peke yangu, na nilikuwa naringa kweli kweli.

Ndiyo maana mkono wa kulia ulipoanza kulegea sikumwambia mtu. Kidole gumba kilikufa ganzi, kisha nikawa siwezi kufungua chupa ya maji. Nikauchua mkono kwa mafuta ya karafuu mwezi mzima, nikaufunga bandeji. Mwinjuma, fundi mwenzangu, mtu wa Msasani asiyejua kunyamaza, akaniuliza, "Sista, mkono umevalishwa, kuna shughuli?" Nikamjibu nimejikwaruza.

Jumanne moja drili ikaniponyoka nikiwa juu. Ilitua hatua moja kutoka alipochuchumaa Mwinjuma. Sikuiachia, vidole viliacha vyenyewe. Niliogopa, maana bila mkono ule mimi si fundi tena.

"Mwanamke na dari wapi na wapi!" vijana wa kupaka rangi wakacheka. Mwinjuma hakucheka.

Kesho yake nikaenda hospitali. Nikamwamkia daktari, mama wa makamo aitwaye Apolonia, nikamnyooshea mkono. Hakuugusa. Alinikalisha, akakilaza kichwa changu upande wa kulia, akakikandamiza taratibu kwa viganja. Maumivu yakashuka kutoka shingoni hadi kwenye gumba. Nikapiga kelele.

"Umewahi kusikia hivi?" akauliza.

"Kila siku. Nikibana bodi."

Picha ya shingo ilipotoka akanieleza: mshipa wa fahamu unaoupa mkono nguvu umebanwa kwenye pingili za shingo. Mkono niliouchua mwezi mzima haukuwa na kosa lolote. Akanipa wiki sita za dawa na mazoezi, nisijitwike kitu, hata ndoo ya maji. Nguvu zikizidi kupungua, tutazungumza habari za upasuaji.

"Na kazi yangu, daktari?"

"Mkono unautaka, huutaki?"

Nilirudi nyumbani Kimara nikilia kwa hasira. Miaka tisa nimewaonyesha wanaume kwamba naweza, leo nikaombe kushikiwa? Lakini mkono niliutaka. Nikafanya mazoezi asubuhi na jioni, sikuruka hata siku moja, hata siku ambazo shingo iliniuma nikatukana kuta. Wiki ya nne nikafungua chupa mwenyewe. Nikacheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Wiki ya saba daktari akaniruhusu kurudi kazini, kwa sharti lile lile la kutojitwika. Nikatafuta mti mrefu wa kufika darini, nikaupigilia ubao wa kukingama kwenye ncha ya juu, nikasimama nao mbele ya saiti nzima.

"Mie sibani tena kwa kichwa," nikasema. "Shingo imeniharibikia, mkono ulikuwa unakufa. Bodi zangu nitaziegemeza kwa mti huu, na kunyanyua nitaomba mtu. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, nina kazi."

Wawili watatu walicheka. Nikapanda. Skrubu ya kwanza iliyumba, ya pili ikazama sawasawa. Mwinjuma alikuwa amepanda kunishikia upande wa pili, na kwa mazoea akaweka utosi wake chini ya bodi. Akanisogelea, akanong'ona.

"Herieth, vidole vyangu viwili havina hisia tangu mfungo. Jana vifungo vya kanzu kanifungia mke wangu."

"Na ukanyamaza?"

"We ulikuwa unabana peke yako, mwanamke. Mie ningeanzia wapi kusema siwezi?"

Neno hilo lilinichoma kuliko vicheko vyote vya saiti ile. Nikazima drili.

"Toa kichwa chako hapo," nikamwambia. "Kesho asubuhi tunaenda wote kwa daktari."