Mkono Juu ya Toleo la Agosti

Kwenye gulio letu la Jumapili hapa Montevideo, sheria ya meza yangu ni moja: ukiweka mkono juu ya jarida, wewe ndiye mnunuzi. Ukiuondoa, mwingine ana haki. Nimeisimamia miaka thelathini bila kumwonea mtu haya.

Jumapili ile mkono wa Nélida ulikuwa juu ya *Mito na Milima*, toleo la Agosti 1967. Mkono wa pili umekumbatia kapu la mboga. Alikuwa mtu wa shamba, katoka kaskazini kwa basi.

"Ukurasa wa arobaini na moja yumo baba yangu, anavusha ng'ombe mtoni," aliniambia. "Shangazi ndiye aliyeniambia. Baba alikufa mimi niko tumboni. Sura yake siijui hata kwa picha."

"Basi toa pesa, mama, uende naye."

Kabla hajajibu akatokea Arrillaga, daktari wa meno. Ana matoleo yote isipokuwa hilo. Alisimama karibu mpaka nikasikia anavyohema.

"Niachie mimi, mama. Nakupa bei mara tatu."

"Baba hauzwi, daktari."

Daktari akatabasamu, na hapo ndipo nilipoogopa. Alimimina maji ya moto ya chupa yake kwenye kibuyu cha chai ya majani machungu, ile tunayoinyonya kwa mrija, akamnyooshea Nélida kwa heshima zote.

"Basi tusigombane. Karibu, dada."

Nilitaka kupiga kelele. Kwetu kukataa kibuyu ni kumtukana mtu mbele ya watu, na watu wa shamba ndio hawathubutu kabisa. Nélida alisitasita. Kisha adabu ikamshinda, akauondoa mkono juu ya jarida, akapokea. Arrillaga alilinyakua jarida kabla mrija haujafika mdomoni mwa mwenzake.

"Mzee Eliseo, sheria ni sheria. Nifungie karatasini."

Nélida alikunywa mpaka tone la mwisho, kama inavyotakiwa, machozi yakimtoka. Akarudisha kibuyu.

"Nionyeshe uso wake tu, daktari."

"Likifunguliwa litapasuka mgongo, mama. Hili ni la kutunza, si la kusoma."

Nilimchukia. Nilijichukia na mimi. Nikalichukua kama vile nataka kulifunga, nikafungua ukurasa wa arobaini na moja, nikauchana taratibu kwenye mshono. Mimi, ninayegombeza watu wakikunja pembe za kurasa!

"Umefanya nini, we mzee mwendawazimu?"

"Jarida ni lako, daktari. Chukua."

Hakuligusa tena. Nélida aliupokea ukurasa kwa mikono miwili, kapu likaanguka, nyanya zikabiringika barabarani. Aliutazama muda mrefu.

"Mbona mdogo hivi?" akasema. "Mwanangu ni mkubwa kuliko yeye."